Karatasi inasema kazi nyepesi, kazini naambiwa nipakie

"Shikamoo daktari. Nina miaka 34, napakia na kupakua mizigo kwenye ghala moja hapa Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere. Wiki sita zilizopita nilikuwa juu ya rundo nashusha mifuko ya kilo 50. Nikageuka kumpokeza mwenzangu aliye chini, nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Zamu nilimaliza, lakini kesho yake nilishindwa kuinama kuvaa viatu. Hospitali walinipiga eksirei wakasema mifupa iko salama, wakanipa dawa na ED, ile karatasi ya kupumzishwa kazi, ya siku 7, baadaye siku 14 nyingine. Niliporudi mara ya tatu daktari akaandika 'light duty', basi. Msimamizi akaniweka getini kuhesabu mizigo, zamu nzima nimesimama. Siku ya tatu lori likaja, watu pungufu, akasema saidia kidogo kidogo. Nilipakia kama mifuko ishirini. Tangu hapo maumivu yameshuka kwenye tako na nyuma ya paja la kushoto mpaka kwenye shavu la mguu. Ofisa utumishi anasema haikuandikwa kama ajali kwa sababu sikuanguka, ni mgongo tu unauma. Bosi anasema nikae nyumbani bila mshahara mpaka nipone kabisa. Mwenzangu ananiambia nisikubali kazi nyepesi, ukikubali fidia imekwenda. Mama ameleta mchuaji. Mkataba wangu wa mwaka unaisha Desemba. Niombe ED ndefu, au nirudi kupakia nijikaze?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini nyuma ya yote naona hofu moja: kwamba umebakiziwa njia mbili tu, kulala nyumbani mfuko mtupu au kurudi kwenye rundo mpaka mgongo ukatae kabisa. Ipo njia ya tatu. Daktari wako aliigusa kwa maneno mawili akaiacha hapohapo, na kwa sababu aliiacha hapo ndiyo maana ulijikuta umebeba mifuko ishirini. Nitaieleza kwa urefu. Ila kwanza tuzungumzie huo mguu.

Maumivu yaliyokuwa kiunoni yakashuka hadi kwenye shavu la mguu ni jambo jipya, kwa hiyo uchunguzi wa wiki sita zilizopita hautoshi tena. Rudi hospitali wiki hii. Mara nyingi dalili kama zako hutokana na mshipa wa fahamu uliobanwa au kukereka pale unapochomoka kiunoni, na wagonjwa wengi wa namna hii hupata nafuu bila kisu. Lakini daktari anatakiwa akushike, siyo akusikilize tu. Akutembeze kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akulaze chali aunyanyue mguu ukiwa umenyooka. Agonge goti na kifundo kwa nyundo yake ndogo, apime kama ngozi ya unyayo inahisi sawasawa pande zote mbili. Uchunguzi huo unachukua dakika kumi na hauhitaji mashine. Kama hajaufanya, mwombe kwa heshima aufanye.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi. Ganzi kwenye sehemu ambazo mtu hukalia tandiko la baiskeli, yaani sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja kwa ndani. Mkojo kugoma, au kutoka bila wewe kujua. Haja kubwa kushindwa kuizuia. Miguu yote miwili kulegea, au unyayo kuanza kuburuta ukitembea. Ukiona hata moja kati ya hizo, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu mishipa inayobanwa namna hiyo inaweza isirudi tena ikicheleweshwa. Na zipo nyingine zinazokuja polepole: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umetulia. Kwetu hapa hizo zinatufanya tutafute kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao eksirei ya mwanzo inaweza isiuonyeshe. Sijaona dalili hizo kwenye maelezo yako. Nazitaja ili uzifahamu, na mama pia azifahamu.

Sasa nikueleze kilichotokea siku ile juu ya rundo, kwa sababu ukikielewa utajua mwenyewe kazi ipi ni nyepesi na ipi imeitwa tu nyepesi.

Kiunoni una pingili tano kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ambayo nje yake imesukwa kwa nyuzi ngumu zilizopishana kama ukili wa mkeka, na ndani ina ute mzito. Nyuma yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Sasa fikiria pembea ya ubao wanayochezea watoto. Upande mmoja ni mrefu, una mfuko wa kilo 50 ulio sentimita kama 40 mbele ya kiuno chako. Upande wa pili ni mfupi mno, una misuli ya mgongo iliyo sentimita kama 5 tu nyuma ya mhimili. Ili ubao usidondoke mbele, misuli hiyo inabidi ivute mara nane ya uzito wa mfuko, yaani kama kilo 400, na hapo bado hatujahesabu kifua chako chenyewe kilichoinama. Mzigo huo wote unaishia kwenye diski na kano za kiunoni. Ukiongeza na kugeuka, zile nyuzi zilizopishana zinavutwa upande mmoja na kuachiwa upande mwingine. Hapo ndipo zinapochanika. Ule mkatiko uliousikia haukuwa wa kufikirika.

Eksirei inaonyesha mfupa. Misuli, kano, diski na mishipa ya fahamu haivionyeshi vizuri. "Mifupa iko salama" ilikuwa habari njema na ya kweli, lakini mtu wa utumishi asikwambie kwamba maana yake hukuumia.

Najua swali linalofuata: je, nikapige MRI? Kama uchunguzi wa mikono utaonyesha mguu umepoteza nguvu, au kama wiki zinapita maumivu ya mguu hayapungui hata kwa matibabu mazuri, ndiyo, kipimo hicho kina kazi. Vinginevyo usikimbilie kuuza simu kwa ajili yake. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI wanakutwa na diski zilizovimba au kuchakaa, hasa wanapopita miaka arobaini. Picha inaweza kukuonyesha kitu kilichokuwepo miaka mitano kabla ya ajali, na ukarudi nyumbani na hofu kubwa kuliko ugonjwa.

Tukija kwenye mapumziko, hapa wengi wanakosea, na sisi madaktari tumechangia sana. Zamani mgonjwa wa mgongo alilazwa chali wiki kadhaa. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliandika ED nyingi za namna hiyo, siku 14 juu ya siku 14, nikiamini namsaidia mtu. Nakumbuka mbeba mizigo mmoja wa makamo niliyempumzisha karibu miezi mitatu. Aliporudi kwangu alikuwa hawezi hata kunyanyua ndoo ya maji, na kazi yake alikuwa amepewa mtu mwingine. Mgongo wake haukuwa umeharibika zaidi. Ulikuwa umesahau kazi.

Sababu iko ndani ya mwili. Nyuzi zilizochanika hushonwa na mwili kwa nyuzi mpya, ila zinaanza ovyo ovyo kama nyasi zilizotupwa. Mwendo na mzigo mdogo unaoongezeka taratibu ndio unaozipanga zielekee upande unaotakiwa. Diski ya mtu mzima nayo karibu haina damu inayoifikia moja kwa moja. Inakula kama sponji, ikibanwa na kuachiwa, na kinachoibana na kuiachia ni kutembea. Misuli isiyotumika inasinyaa upesi kuliko tunavyodhani. Na mishipa ya fahamu iliyokaa wiki nyingi na hofu inazidi kuwa mikali, mpaka kuinama kuokota kijiko kunauma kama kuinua gunia. Ndiyo maana leo tunasema siku moja mbili za kulala pale maumivu yanapokuwa makali kabisa, baada ya hapo inuka, tembea, jishughulishe kwa kipimo.

Kwa hiyo bosi anaposema "upone kabisa ndipo urudi", kitabibu kauli hiyo haina mguu wa kusimamia. Mchezaji wa Simba au Yanga aliyechanika msuli wa paja hakai kitandani hadi siku ya mechi. Anaanza kutembea, anakimbia mbio za polepole, anagusa mpira peke yake, anafanya mazoezi na wenzake, ndipo anaingia dakika ishirini za mwisho. Klabu haimfanyii huruma. Inajua bila ngazi hizo atachanika tena. Wewe ulitolewa kitandani ukaingizwa moja kwa moja kwenye mechi, mifuko ishirini ya kilo 50. Hiyo ni tani moja imepita kwenye kiuno kilichokuwa kinajishona. Haukuwa uzembe wako, na wala sidhani msimamizi alikuwa na nia mbaya. Alipewa karatasi yenye maneno mawili, na maneno mawili kila mtu huyatafsiri kwa haja yake. Lori likiwa limesimama getini na dereva anapiga honi, "nyepesi" inakuwa "kidogo kidogo".

Nimeona kazi nyingi zilizopewa jina hilo. Kusimama getini zamu nzima si nyepesi kwa kiuno kilichoumia, kwa sababu misuli ileile inashika bila kupumzika. Kufagia ghala kwa fagio la kuinama, ambako wasimamizi wengi hupenda kumpeleka majeruhi, ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni kuinama na kugeuka mara mamia. Folklifti nayo inaonekana kama kazi ya kukaa tu, lakini inatikisa kiti siku nzima na dereva anageuza shingo na kiuno kila anaporudi nyuma, achilia mbali kwamba inahitaji mtu aliyefunzwa. Kwa upande mwingine, kuandika lebo mezani, kukagua mifuko iliyopasuka na kuiandikia ripoti, kusimamia orodha ya mizigo inayoingia na kutoka ukiwa na kiti pembeni cha kukalia na kuinukia, kumfundisha kijana mpya namna ya kupanga rundo lisianguke, hizo zinaweza kuwa nyepesi kweli. Ghala lenye kuhudumia malori halikosi kazi ya namna hiyo. Inabidi tu itafutwe.

Unaporudi kwa daktari, mpelekee maelezo ya kazi yako kwenye karatasi. Madaktari wengi hatujawahi kukanyaga ghala. Hatujui rundo lina urefu gani, mfuko una kilo ngapi, unabeba mara ngapi kwa saa. Mwandikie hivyo vitu. Mwandikie pia safari, kwa maana kama unatoka Gongo la Mboto umesimama ndani ya daladala umejipinda chini ya bati saa nzima, mgongo wako umeshafanya kazi kabla hujafika kazini. Kuanza zamu baada ya msongamano wa asubuhi kunaweza kukusaidia kuliko kidonge. Kisha mwombe, badala ya "light duty", aandike kitu cha mfano huu:

"Kwa wiki mbili kuanzia tarehe fulani: asinyanyue zaidi ya kilo 5, asiiname wala kugeuza kiuno akiwa na mzigo, asipande juu ya rundo. Asikae wala kusimama zaidi ya dakika 30 bila kubadilisha mkao. Saa 6 za kazi kwa siku. Kwa wiki mbili zinazofuata, iwapo maumivu ya mguu yamepungua: hadi kilo 10, mzigo ukiwa karibu na mwili, kati ya kiuno na kifua tu. Asisaidie kupakia wala kupakua lori hata kwa dharura. Atachunguzwa tena tarehe fulani."

Namba hizo ni za mfano. Atakayekushika mgongo ndiye atakayezipanga. Kinachotakiwa visikosekane ni kilo, dakika, mkao, tarehe ya mwisho, na ile sentensi ya lori. Hiyo ya lori naisisitiza, kwani msimamizi anayeisoma anajua kwamba akikuita "saidia kidogo" anakwenda kinyume na maandishi ya daktari. Na tarehe ya mwisho inamsaidia yeye pia: anaona hili jambo lina mwisho, haliwi mzigo wa kudumu kwake.

Ukianza, maumivu yenyewe yatakuongoza ukijua kuyasoma. Kuuma kidogo wakati wa kazi, kukatulia kabla hujalala au asubuhi yake, si madhara. Ni mwili unazoea. Kama asubuhi ya pili umeamka na maumivu yaliyozidi ya jana, ulivuka kipimo, rudi ngazi moja nyuma, usirudi kitandani. Angalia pia yanaelekea wapi. Yakipanda kutoka kwenye shavu la mguu kwenda pajani, kisha takoni, kisha yakabaki kiunoni, hiyo ni dalili nzuri hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Yakizidi kushuka kuelekea unyayoni, simama umwone daktari. Andika kwenye daftari kila jioni mistari miwili: nilifanya nini, maumivu yalifika wapi.

Kuhusu mchuaji wa mama, sina ugomvi naye akiwa na mkono mwepesi. Kuchuliwa misuli kwa mafuta ya moto kunalegeza na kunafariji, na mama anapoona kuna kinachofanyika analala usingizi. Nakataza vitu viwili tu: kukanyagwa mgongo, na kuvutwa au kupindwa kiuno "kirudi mahali pake". Hakuna kilichotoka mahali pake, na mshipa wa fahamu uliokereka haupendi kupindwa. Vilevile punguza zile sindano za diklofenaki za kila wiki ambazo mtu anachomwa duka la dawa ili aende kazini. Zinaficha kengele, na zikizidi zinaumiza tumbo na figo. Kama hospitali yako ina mtaalamu wa fiziotherapia, omba upelekwe kwake. Mwezi mmoja wa mazoezi ya kuamsha misuli ya tumbo na mgongo una thamani kuliko rundo la ED.

Nije kwenye yale ya ofisini. Mimi ni daktari wa afya ya kazini, si wakili, ila karatasi hizi zinapita mezani kwangu kila wiki. Ninayoyasema ni ya Tanzania Bara.

Hoja kwamba si ajali kwa kuwa hukuanguka haina msingi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inazungumzia ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea ukiwa kazini. Haisemi lazima uanguke wala damu itoke. Una siku, una saa, una mfuko, una mwenzako aliyekuwa chini ya rundo. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri mapema, na mwajiri akishajua ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi mnauita WCF. Siku hizo zimepita, lakini haki yako haijafa. Sheria inaweka ukomo wa miezi 12 tangu ajali ya kulifikisha jambo kwa mwajiri au kwa Mfuko. Andika barua leo, fupi, yenye tarehe ya tukio, ulichokuwa unafanya, nani aliona na ulitibiwa wapi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikataa kuipokea au wakikaa nayo, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko na vyeti vyako vya hospitali. Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, kwa hiyo usijisikie unamwomba mtu sadaka. Na hutakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa. Inatosha kwamba uliumia kwa sababu ya kazi.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ED zako zote za mpaka sasa huenda zimeandikwa kama ugonjwa wa kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Jeraha la kazini lisipoandikishwa, linakula siku hizo taratibu, na ukija kuugua malaria kali au kufanyiwa upasuaji mwakani unakuta ghala tupu. Likiandikishwa na Mfuko ukalikubali, matibabu yanabebwa na Mfuko, na kwa muda ambao huwezi kufanya kazi kabisa malipo hukokotolewa kwa asilimia 70 ya mshahara wako. Kama unapata shilingi 400,000 kwa mwezi, hiyo ni 280,000. Fahamu pia kwamba kutoweza kazi kwa siku tatu au pungufu hakulipwi, na kwamba malipo hayo ya muda yana kikomo cha miezi 24.

Mwenzako anayesema ukikubali kazi nyepesi fidia imekwenda amekosea, ingawa naelewa hofu hiyo imetoka wapi. Sheria yenyewe inatambua ulemavu wa muda ulio kamili na ulio wa sehemu. Mtu anayefanya kazi pungufu kwa sababu ya jeraha hajafutiwa jeraha lake. Mgongo wako ukija kubaki na ulemavu wa kudumu, utapimwa na madaktari kwa asilimia, matibabu yakiwa yamefika mwisho wake. Unaozidi asilimia 30 hulipwa kila mwezi, ulio chini ya hapo kwa mkupuo. Kipimo hicho kinaangalia mgongo wako umebaki na uwezo gani. Hakiulizi kama ulikaa mezani ukaandika lebo. Nimewahi kuwaona vijana waliogoma kazi nyepesi nzuri kwa kuogopa hilo, wakapoteza miezi, na asilimia waliyokuja kupimwa ilikuwa ndogo hailingani na mishahara waliyoiacha. Kinachoweza kukuharibia ni kusaini karatasi usiyoielewa, hasa inayosema umepona au umeacha kazi kwa hiari yako. Hiyo usiisaini siku hiyohiyo. Iombe, ipeleke nyumbani, mwonyeshe mtu wa chama cha wafanyakazi.

Na bosi akisema hapa hakuna kazi nyepesi? Zungumza naye ukiwa na karatasi ya daktari yenye kilo na tarehe, na uwe umeshafikiria kazi mbili tatu za hapo ghalani unazoziweza. Mwajiri halazimiki kubuni cheo kipya kwa ajili yako, nikwambie ukweli. Lakini Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya jeraha aangalie kama hali ni ya muda au ya kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au ipo nyingine. Aliyeumia akiwa kazini anastahili juhudi kubwa zaidi. Kukwambia "kaa nyumbani bila mshahara" kwa mdomo, bila barua na bila kuutaarifu Mfuko, hakuendani na hayo. Mwombe aandike. Mara nyingi mtu akiombwa aandike anaanza kufikiri upya.

Kwa hiyo kati ya ED ndefu na kujikaza, jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Kujikaza kwa mguu ulio hivyo sikubaliani nako hata siku moja. ED fupi, ya siku chache mpaka uchunguzwe upya na karatasi iandikwe vizuri, ni sawa, na kama kazini watakataa kabisa kufuata hayo maandishi, basi ED ndefu itakuwa bora kuliko lori, kwa sharti kwamba nyumbani unatembea kila siku na unafanya mazoezi uliyopewa. Kurudi kwenye mifuko ya kilo 50 usikufikirie kwa wiki kadhaa zijazo, pengine miezi. Hata kwa mwanaume mzima mwenye afya, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo 55, na wataalamu wa Marekani wanaokokotoa unyanyuaji salama huanzia kilo 23 mazingira yakiwa mazuri kabisa. Ukilinganisha na lumbesa tunazoona zikishushwa kila siku sokoni kwa mabega ya vijana, utaelewa kwa nini nawaona wengi kama wewe. Mfuko wa kilo 50 kutoka juu ya rundo ni wa watu wawili, au wa mashine. Liseme hilo kazini, kwa utulivu, hata kwa niaba ya wale ambao bado hawajaumia.

Kuhusu Desemba, sitakuficha. Mkataba wa muda maalumu unaweza kuisha kwa tarehe yake hata kama unaumwa, na kazi nyepesi haiurefushi. Ila mkataba ukiisha, jeraha lililotokea ndani yake haliishi nao. Matibabu na fidia unaendelea kuvidai, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliandikisha sasa, wakati mwenzako aliyeona bado yupo hapo na kumbukumbu bado ni mbichi. Kama wamekuwa wakikuongezea mkataba kila mwaka na safari hii wakakuacha kwa sababu ya mgongo, au wakikuachisha kabla ya tarehe, lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kuachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri, na zinaanza kuhesabiwa kabla hujamaliza kusikitika. Kabla ya hapo mwone ofisa kazi au chama chako, uwe na bahasha moja yenye mkataba, ED zote, karatasi ya dawa, nakala ya barua iliyogongwa muhuri, na lile daftari la mistari miwili kila jioni.